Bwana Mifugo na Kanda ya Nyoka

Kabla hajaitikia salamu yako vizuri, alikuwa ameshakuuliza swali. Unamwambia, "Ejok," naye anajibu, "Ejok-noi. Hebu Mama Ekai, kwa nini chai inapoa haraka kwenye kikombe cha bati kuliko cha plastiki?" Na hakuwa anatania. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la njia, akakungoja ujibu. Ukisema hujui, alifurahi. Ukijifanya unajua, alikasirika.

Wakati huo nilikuwa na hoteli ndogo Lodwar, ya chapati, maharagwe na chai ya maziwa ya mbuzi. Yeye alikuwa ofisa wa mifugo wa serikali, mtu wa kuchanja mbuzi na ngamia, na kuanzia Katilu mpaka Lowarengak watu walimwita Bwana Mifugo tu. Jina lake nililijua. Sikuwahi kulitumia alipokuwa mbele yangu, na sioni sababu ya kuanza leo.

Redio yake ilikuwa ya kaseti, kubwa, mlango wake wa betri umepotea na mahali pake pamefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kila Jumamosi alasiri, kama hakuwa porini, alikuja nayo hotelini kwangu kwa sababu nyuma ya jiko kulikuwa na mkoma mrefu. Alifunga waya wa shaba juu ya ule mkoma, akauteremsha mpaka mezani, akaanza kutafuta stesheni ya ng'ambo iliyokuwa na kipindi cha sayansi kwa Kiswahili. Sauti ilikuja na kupotea. Mtangazaji angeanza kueleza kwa nini nyuki hawapotei njia, halafu unasikia mvumo tu kama upepo wa asubuhi, na aliporudi, nyuki walikuwa wameshafika nyumbani.

Ndiyo maana alirekodi kila kipindi, ili akisikilize tena na kujaza mapengo. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo alirekodi juu ya kanda kuukuu za nyimbo za kanisa. Ukimaliza kusikiliza habari za mwezi na jinsi unavyovuta maji ya bahari, kwaya ilidakia katikati ya haleluya. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati. Kanda alizirudisha nyuma kwa kalamu ya biki, akizungusha taratibu huku akizungumza, ili asile betri bure.

Wateja wangu walianza kwa kumcheka. Baadaye wakawa wanauliza, "Leo kaseti ni ya nini?" Dereva wa lori la samaki alitaka kujua kwa nini ziwa linabadilika rangi. Askari mmoja aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kufa kwa kukosa usingizi. Wanawake waliokuwa wakisuka vikapu kando ya ukuta waliuliza mambo ya mimba, wakiwa wameangalia vikapu vyao.

Siku moja aliweka kanda iliyozungumzia mifupa ya watu wa kale iliyochimbwa huko kwetu ziwani. Mtangazaji alisema hao ndio mababu wa binadamu wote duniani. Mzee mmoja mfugaji kutoka Lowarengak, aliyekuja kuuza ngozi, alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika kwenye kiti chake kidogo cha mbao. Kisha akasema, "Huyo babu, nani alimchimbua?"

"Wataalamu," akasema Bwana Mifugo.

"Waliomba ruhusa kwa nani?"

"Kwa serikali, nadhani."

"Kama ni babu ya watu yote, serikali moja inatoa ruhusa namna gani? Na alizikwa tena?"

Bwana Mifugo alituambia baadaye kwamba alikuwa hajawahi kushindwa na swali vizuri namna ile. Wiki nzima alilizungumzia.

Alikuwa na neno lake: "Uliona au uliambiwa?" Mtu akija na habari za nyoka mwenye vichwa viwili huko Kalemng'orok, yeye alimkata pale pale: uliona au uliambiwa? Alisema uongo mdogo ni kama kupe, ukimwona mmoja huoni kuwa ni kitu, lakini siku ukikumbuka kumtafuta, mnyama mzima amejaa kupe. Hakuweza kusema uongo hata wa kumpoza mtu. Mama yangu mzazi alipoanza kupoteza macho, kila mtu alimwambia atapona, mapadri waliahidi sala, na mimi mwenyewe niliahidi dawa kutoka Kitale. Mama alimwita Bwana Mifugo akamuuliza. Yeye akamwangalia, akauliza ameanza lini, akasema, "Mama, hayatarudi. Jifunze nyumba yako sasa, wakati bado unaona kidogo." Nilimchukia mwezi mzima. Lakini mama alijifunza nyumba, akihesabu kwa vidole vya miguu, na mpaka anakufa hakuwahi kuanguka motoni.

Msidhani kwamba alikuwa mtu wa redio peke yake. Kabla ya safari ndefu alimtembelea mzee wa kurusha viatu. Mzee huyo alitupa ndala zake za ngozi chini, akatazama zilivyolala, akamwambia nenda au usiende. Nilipomuuliza, aliona haya kidogo. "Redio inajua mbingu za dunia nzima," alisema. "Lakini hakuna redio inayojua barabara ya Lokichar." Na mtu huyu aliyetuhubiria maji ya kuchemsha, mimi nilimwona kwa macho yangu amepiga magoti kwenye kisima cha mchanga mtoni, anakunywa pamoja na punda.

Wakimbizi wa Sudan walipoanza kujaa Kakuma, Lodwar nzima iligeuza uso upande ule. Mimi pia nilihamisha sufuria zangu. Nilijenga kibanda cha bati katikati ya mji na kambi, mahali ambapo Waturkana waliuza kuni na mkaa na wageni waliuza unga waliopewa. Haikupita muda mrefu Bwana Mifugo naye akahamishiwa huko. Alikuja na Land Rover ya ofisi, jokofu la mafuta ya taa la kuhifadhia chanjo za mbuzi, na ile redio.

Pale Kakuma mkutano wetu wa kusikiliza kanda ulikua. Vijana wa Kongo walimsahihisha Kiswahili, naye akawasahihisha cha kwao. Mtu mmoja aligeuza maneno kwenda Kiarabu cha Juba kwa wale ambao Kiswahili hakijawakaa. Aliyekuwa mbele siku zote ni Nyandeng, mama wa Kisudani, mjane, mrefu hata miongoni mwa watu wao, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka ziwani. Kwa mkono mmoja aliweza kubeba mzigo uliowashinda wanaume wawili. Alikuwa na binti mmoja, Adut, ambaye ndiye aliyebaki katika watoto wake. Nyandeng alipenda kanda za mwili wa binadamu. "Mimi nilizika watu mingi bila kujua iliwaua nini," aliniambia. "Sasa nataka kujua."

Kanda ya nyoka aliiweka yeye Bwana Mifugo kwa makusudi, kwa sababu wanawake wa pande zote mbili walikuwa wakienda kuokota kuni lagani, kwenye mto mkavu, na mle kwenye majani makavu kulikuwa na moma wadogo, wale wanaojikuna magamba mpaka unasikia kama mafuta yanachemka. Mtangazaji alimhoji daktari. Daktari akasema: aliyeumwa asikatwe kidonda, asifyonzwe, asifungwe kamba. Alazwe, mguu utulizwe, apelekwe hospitali upesi apewe dawa ya sumu. Akaeleza kwamba sumu ya nyoka wa namna hiyo huzuia damu isigande. Ukimkata mtu wa namna hiyo, unafungua bomba.

Kelele zilikuwa kubwa. Kila kabila pale lilikuwa na wembe wake. Shemeji ya Nyandeng, mdogo wa marehemu mume wake, alisimama akasema kwao baba yake alikata watu na wakapona. Bwana Mifugo akamuuliza kama kawaida yake: aliona, au aliambiwa? Watu wakacheka. Yule shemeji hakucheka.

Adut aliumwa mguuni asubuhi, msimu wa jua kali, akiwa na wanawake wengine lagani. Walimbeba mpaka barabarani, na shemeji alifika akiwa tayari ameshika wembe. Mimi nilikuwepo, maana ilikuwa mbele ya kibanda changu. Nyandeng alimlalia mtoto wake kifua kwa kifua akapiga kelele, "Hapana! Usikate! Redio ilisema hapana!" Wanaume wakarudi nyuma. Wakamlaza kwenye mkeka na kumpeleka zahanati ya kambi wakiwa wamemshikilia mguu usitikisike, kama kanda ilivyosema.

Zahanati ilimtundikia maji. Dawa ya sumu haikuwepo. Iko Lodwar, wakasema, huenda ipo, na magari ya Lodwar yanangoja askari wa kusindikiza kwa sababu ya majambazi wa barabara. Bwana Mifugo hakungoja askari. Alikimbia ofisini kutafuta mafuta ya Land Rover, akarudi baada ya kitambo, wakampakia mtoto nyuma na mama yake, mguu umefungwa kitenge. Nakumbuka gari liliposimama kidogo kibandani kwangu, Adut aliniangalia. Ufizi wake ulikuwa na damu. Aliniomba maji, nami nikampa kifuniko cha chupa tu, kwa sababu sikujua kama kanda ilisema anywe au asinywe.

Walirudi jua likiwa bado juu. Nilijua kwa jinsi gari lilivyokuja polepole.

Nyandeng alimwosha binti yake mwenyewe, mlango umefungwa, akakataa hata wanawake wa kanisa. Kwenye maziko shemeji alisema mbele ya watu wote maneno ambayo kila mtu alikuwa nayo mdomoni. "Sisi tulitaka kukata. Mama alikatazwa na redio ya huyu mtu. Huyu anachanja mbuzi, nani alimpa kazi ya watu?" Akamtemea mate Bwana Mifugo kifuani. Nyandeng alikuwa ameinamisha kichwa. Bwana Mifugo alisimama mpaka kaburi likajazwa, na yale mate yakamkaukia shatini.

Mkutano wa kanda ulikufa siku ile. Wengine waliotukuta baadaye walifikiri aliogopa, lakini mimi nilimwona akihangaika na jambo jingine. Alikuja kwangu akakaa, hakuuliza swali lolote, na hilo pekee lilinitisha. Mwishowe akasema, "Mama Ekai, mbuzi wana jokofu."

"Unasema nini?"

"Dawa ya nyoka inataka baridi. Zahanati ilisema hawaiweki kwa sababu jokofu lao limeharibika. Langu lilikuwa hapo ng'ambo ya barabara. Linafanya kazi. Limejaa dawa ya mbuzi. Sikuwahi kuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu."

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa ofisi za Lodwar, mlango mmoja baada ya mwingine. Idara ya mifugo walimwambia jokofu la mifugo haliwezi kuwekwa dawa ya watu. Idara ya afya walimwambia dawa ya watu haiwezi kulala na ya mbuzi. Mtawa mmoja muuguzi hatimaye alimpa chupa chache kimyakimya, naye akaziweka rafu ya chini, nyuma ya chanjo. Mwanamke mmoja mchoma mkaa aliumwa, akadungwa ile dawa, akapona. Habari ikafika kwa wakubwa. Hawakumfukuza. Walimhamisha, wakampeleka Katilu kwenye mashamba ya kumwagiliwa maji, na aliyekuja baada yake akaondoa zile chupa siku ya kwanza.

Kakuma sasa wembe ulitawala. Ukisema usikate, ulijibiwa, "Redio iliua mtoto ya Nyandeng." Niliona mvulana wa mbuzi akiletwa mguu umechanwachanwa kama ngozi ya kutengenezea kamba, damu haikomi. Niliona mwanamke aliyefungwa mpira gotini mpaka mguu ukaoza. Sijui kama wangepona. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyethubutu kuwazuia waliokuwa na wembe, hata mimi.

Ilipita miaka. Nyandeng aliendelea kuuza samaki, akinunua chai kwangu bila kukaa. Karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini jina lake likatoka: amepata safari ya kuhamia ng'ambo. Alikuja kwangu asubuhi, amevaa viatu vipya vinavyombana, akasema, "Mama Ekai, nipeleke kwa yule mzee."

Bwana Mifugo alikuwa ameacha kazi, anaishi Lodwar karibu na mto Turkwel. Tulimkuta amekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, anamkata kwato mbuzi wa jirani. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia. Aliponiona alicheka, alipomwona Nyandeng akaweka kisu chini.

"Ejok, mama," akamwambia.

"Ejok, mzee." Nyandeng alikataa kiti. "Mimi naenda mbali. Sitaki kupanda ndege na hii kitu ndani ya tumbo."

"Kitu gani?"

"Ile siku, wewe ulienda kutafuta mafuta. Mguu ilikuwa inavimba, inapanda. Niliogopa. Nilisema labda redio haijui nyoka ya hapa. Nikambeba nyuma ya zahanati. Nikakata. Mkono yangu, na wembe ya shemeji, niliokota pale barabarani. Halafu nikafunga na kitenge."

Miaka yote ile sikuwa nimewaza hilo.

Bwana Mifugo alisema, "Najua."

"Unajua?"

"Damu ilipita mpaka chini ya kiti changu. Nilisimamisha gari, nikasema naangalia tairi. Nilifunua kitenge nikaona."

Nyandeng akamwangalia kama mtu aliyepigwa. "Kwa nini hukusema? Alikutemea mate! Watu wote walisema ni wewe."

"Ulikuwa na mtoto wa kuzika. Ningekuongezea na hilo mbele ya watu?"

"Basi niambie sasa. Ni mimi nilimuua?"

Nilimjua mtu huyu. Nilikuwa nimemsikia akimwambia mama yangu kipofu ukweli mtupu. Nilingoja aseme, na nilitaka kumziba mdomo. Alimwangalia Nyandeng usoni.

"Dawa haikuwepo," akasema. "Ukate, usikate, dawa haikuwepo. Nenda salama, mama. Usipande ndege na kitu kisicho chako."

Nyandeng alipiga magoti, yeye asiyempigia mtu magoti, akamshika mikono na kulia mpaka mbuzi akaogopa. Alisema "malesh, malesh," nisamehe, tena na tena. Kisha akajifuta kwa ncha ya nguo yake, akaniambia gari litamwacha, na akaondoka kwa hatua zake ndefu bila kutazama nyuma. Sikumfuata.

"Hujui kama ni kweli," nilimwambia Bwana Mifugo. "Ile damu. Kanda yako mwenyewe ilisema. Labda bila kukatwa angefika Lodwar, na labda dawa ilikuwepo Lodwar."

"Ilikuwepo," akasema. "Niliuliza siku ile ile, baada ya mtoto kufa."

Nilikaa chini mchangani. Mbuzi alikuwa bado amelala ubavu, miguu imefungwa, anatupumulia.

"Na wale wengine?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Wale waliokatwa baadaye kwa sababu watu waliamini redio ndiyo iliua? Neno lako moja lingewazuia. Ulimlinda mmoja. Uliwafikiria hao?"

Hakukasirika. Alichukua kisu chake, akakitazama, akakiweka tena chini.

"Nawajua kwa majina," akasema. "Kila mmoja. Nilikwenda nyumbani kwao wote."

Nikadhani amemaliza. Lakini alikunja vidole vya mkono wa kushoto, akainua kimoja, na hapo, bila mimi kumwomba, akaanza kuwataja.